Kinamasi Nilichokitunza Ndani ya Kioo

Vijana wawili wa hoteli moja pale Mugumu walikuja kwangu juzi. Waliniamkia vizuri, shikamoo bibi, wakakaa kwenye benchi, wakaeleza shida yao. Wanataka kuweka sanduku la kioo pale mapokezi, nusu maji nusu nchi kavu, lenye majani ya kinamasi na vyura na samaki wadogo, ili mgeni akisubiri chumba apate kitu cha kutazama. Waliambiwa kwamba mimi, Bhoke, niliwahi kuifanya kazi hiyo enzi za vijiji vya ujamaa, kabla wao hawajazaliwa.

Niliwaeleza ya mikono. Mengine sikuwaeleza. Walikuwa na haraka, na mmoja alikuwa ananipiga picha. Sasa nimekaa nayaandika yote pamoja, kwa hao wawili na kwa vijana wengine mtakaosoma, kwa sababu kwangu mimi ufundi ule na yaliyonipata havikuwahi kutengana.

Anzeni na chini. Anayeharibu sanduku la namna hii huliharibu kuanzia chini. Weka kokoto zilizooshwa, juu yake mkaa uliopondwa, kisha mchanga wa mto. Mchanga huo uoshe mpaka maji yanayotoka uone huna kinyaa nayo. Upande wa nchi kavu jenga ukuta wa mawe bapa, yamepandana kama ngazi, bila saruji, maana saruji mbichi huua samaki. Nyuma ya ukuta huo ndipo unapojaza udongo wa kinamasi wenyewe, ule mweusi unaonata. Na usiweke mbolea.

Sisi tuliweka. Mkuu wangu, Ndugu Elias, alisema majani yanahitaji chakula. Mimi ni mtu wa ng'ombe, nikaenda bomani nikaleta samadi ndoo nzima. Baada ya siku chache maji yakawa kijani kizito kama mlenda, samaki wakapanda juu kuhema, midomo nje. Harufu ikajaa nyumba. Karani wa chumba cha pili akahamishia meza yake barazani akawa anaandika juani, kofia kichwani, anatulaani kimya kimya. Tukayachota yote kwa bakuli, mimi na Ndugu Elias, suruali yake imekunjwa hadi magotini, tunacheka kama watoto. Nayasema haya mjue kwamba alikuwa mtu wa kucheka. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mtu mbaya tangu mwanzo.

Nyumba ile ilikuwa ya maonyesho. Idara iliyokuwa na nyumba hiyo sitaitaja. Ilikuwa na mafuvu ya nyati, ngozi, ndege waliojazwa pamba, na watoto wa shule na watu wa vijijini waliletwa kufundishwa habari za wanyama wao wenyewe. Mimi niliajiriwa kufagia. Ndugu Elias alitoka mbali, kusini huko, na alikuwa amesomea viumbe vya majini. Alichoka kuonyesha vitu vilivyokufa. Siku moja akatuuliza sisi wafanyakazi, "Nani anajua kinamasi kizuri karibu na hapa?" Nikamjibu mimi nimezaliwa kwenye kinamasi. Kuanzia hapo ufagio akapewa mtu mwingine.

Kioo tulitengenezewa Tarime na Mzee Salum, fundi wa vioo na mabati. Baba yake alitoka Tanga, lakini yeye alizaliwa hapahapa Tarime na Kikurya alikijua kuliko vijana wengi wa Kikurya. Ninyi leo mna gundi ya silikoni, mnapaka kwenye pembe na kazi imekwisha. Wakati ule ilikuwa fremu ya chuma cha engo, kile cha pembe, kioo kinalazwa ndani yake juu ya puti ya kuzibia vioo iliyokandwa na lami kidogo. Siku tuliyolijaza mara ya kwanza lilivuja pembe moja, maji yakafuata ubao wa sakafu mpaka chini ya viatu vya mkaguzi aliyekuja kuangalia. Mkaguzi akatazama chini, kisha juu, akidhani ni paa.

Mzee Salum alikuja kwa basi, mkebe wa puti mapajani. Akapitisha kidole pembeni, akanusa.

"Kioo chako kimelia tu, binti yangu, hakijaumia," akaniambia. "Ulikijaza kwa pupa. Maji tia kidogo, acha yalale. Kesho tia tena. Maji yenyewe ndiyo yanayokisukuma kioo kikakaa kwenye puti. Ukiyaharakisha, nayo yanaharakisha kutoka."

Tukafanya hivyo, na pale palipobaki kulia matope ya kinamasi yakapaziba yenyewe. Kwa hiyo hata na silikoni yenu, jazeni polepole. Na likishajaa msilisogeze hata kidogo.

Mashine ya kuzungusha maji hatukuwa nayo. Niliomba hospitali mpira wa dripu uliokwisha kutumika, nikauchemsha, nikauunganisha na debe lililotobolewa chini, juu ya kabati. Maji yalidondoka tone tone juu ya mawe, yakalowesha upande wa nchi kavu, yakarudi chini. Asubuhi na alasiri niliyachota chini kwa kikombe nikayarudisha juu. Pampu yenu ya umeme ndiyo huu mkono. Sauti ya matone yale ilifanya watu wanyamaze wakiingia.

Kaa wa mtoni walinisumbua kuliko wote. Kaa mmoja aliupanda mpira wa dripu akatoka, tukamtafuta siku mbili, akapatikana ndani ya kiatu cha mlinzi. Aliyempata ni mlinzi mwenyewe, kwa kidole gumba. Funikeni sanduku kwa wavu wa kuku. Na kama mna chura wa kiume, msifanye mikutano chumba hicho. Kuna kiongozi mmoja alihutubia pale ndani, kila akinyamaza kuvuta pumzi chura anaitikia. Mara ya kwanza watu walijizuia. Mara ya tatu kiongozi akasema kwa ukali, "Mwenye hoja anyooshe mkono!" Chura akarudia. Kikao kikaishia hapo.

Basi, tulicheka sana miaka ile ya mwanzo. Sasa niwaambie majani yalitoka wapi.

Kwetu ni Busawe. Chini ya nyumba ya mama yangu kulikuwa na bonde tuliloliita Gesarya, kinamasi cha kutwa nzima kukizunguka, na pembeni yake kisima ambacho mama alikichimba na kukizungushia mawe kwa mikono yake. Aliyenifundisha majani ni yeye, mama Nyangi. Kwamba mafunjo ukiyang'oa uyabebe na tope lake, usiyaoshe mizizi hata siku moja. Kwamba ndago hushika udongo usimomonyoke, kwa hiyo panda ndago ukingoni kabisa, maji yanapokutana na nchi kavu. Kwamba yale majani mafupi laini yanayoota juu ya mawe mabichi huyang'oi, unabeba jiwe lenyewe. Ndugu Elias alipokuja nami Gesarya kuchukua mimea, mama alimpikia, akamwonyesha vyura wadogo wa rangi ya nyasi wanakojificha, na mdogo wangu wa kike, Robhi, akaingia topeni mpaka kiunoni kumtolea yungiyungi. Aliondoka na mimea garini na kuku wa zawadi kwenye kapu. "Nyumbani kwenu ni peponi, Bhoke," alisema njiani. Nilijisikia fahari sana.

Mwaka uliofuata watu wakaamriwa wahamie kwenye kijiji.

Mmesikia habari za vijiji shuleni, na baadhi ya waliohamia walipata shule na zahanati, siwezi kukataa. Mimi nawaambia ya kwetu. Kijiji kilipimwa juu kwenye mwinuko, kwenye mawe, mistari imenyooka, kwa sababu barabara ilipita pale. Tuliahidiwa bomba. Waliochelewa kuhama waliezuliwa paa. Mama yangu alichelewa. Na bonde la Gesarya likatangazwa shamba la pamoja. Wakachimba mfereji katikati kukausha maji ili yapandwe mahindi. Mahindi ya kwanza yalikuwa marefu kweli, tukapigiwa ngoma. Ya pili yalikuwa mafupi. Kisima cha mama kikashuka, kikawa tope, kikawa vumbi.

Bomba liliwekwa. Pampu ilipiga maji miezi michache, watu wakaoga mpaka watoto wakang'aa, kisha mkanda ukakatika. Mkanda mwingine ukaagizwa. Waliouagiza walihamishwa, wakaja wengine wakauagiza upya.

Kisha mvua ikakosa.

Hapa mnielewe vizuri, kwa sababu hapa ndipo ufundi na uchungu vinapokutana. Sanduku la namna hii hunywa. Wakati wa kiangazi maji huondoka juu kwa joto kila siku, na upande wa nchi kavu ukikauka hata mara moja ndago hufa na chura naye ngozi humkauka akafa. Huwezi kuweka maji ya bomba la mjini yenye dawa bila kuyalaza kwanza, na mjini kwenyewe bomba lilikuwa linatoa upepo. Maji ya mto yalikuwa machache na yamejaa tope. Ndugu Elias akapata chemchemi iliyokuwa bado hai, safi kama kioo chenyewe. Ilikuwa ndani ya mpaka wa hifadhi ya wanyama, mahali ambapo mwanakijiji akionekana anakamatwa. Gari la idara liliruhusiwa. Basi Landrova ilibebeshwa mapipa, dereva Chacha usukani, mimi pembeni yake kwa sababu ni mimi niliyejua maji gani yanafaa. Njia ya kwenda chemchemini ilipita katikati ya kijiji alichohamishiwa mama yangu.

Mara ya kwanza tuliporudi na maji, wanawake walidhani tumewaletea. Walikimbia na madebe wakajipanga mstari, wanaimba. Tulipita polepole, kwa sababu barabara ilikuwa mbovu, maji yanagonga ndani ya mapipa na yanamwagika kidogo nyuma, na watoto wakafuata wakiinamia pale chini palipolowa. Kuna mwanamke alipiga bati la gari kwa kiganja, akimwita Chacha kijana kwa Kikurya.

"Mura, simama! Mura, tunakuomba!"

Chacha alikuwa anatazama mbele tu. "Nina amri, dada Bhoke," akaniambia. "Nikisimama leo, kesho sina kazi, na nina watoto kama hao."

Nilirudi nikaenda moja kwa moja kwa Ndugu Elias. Nilimkuta anawalisha samaki minyoo kwa kibanio, mmoja mmoja, ili wadogo nao wapate.

"Ndugu Elias, kule Busawe hakuna maji. Tukienda na mapipa matatu zaidi tuwaachie wakati wa kurudi, haitatuchelewesha."

"Na petroli, Bhoke? Petroli tunapewa kwa kazi ya idara."

"Ni njia ileile. Gari linapita pale pale."

"Gari likiwa zito linakunywa zaidi." Akaweka kibanio chini. "Nikianza na Busawe, kesho vijiji vyote vitapanga mstari hapa. Siwezi. Mgeni kutoka mkoani anakuja kufungua rasmi. Sanduku hili ni mali ya umma."

"Na wale je? Wale si umma?"

Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayesubiri mvua ipite, kisha akaendelea na minyoo yake. Tulikuwa ndugu wote siku hizo, Ndugu huyu, Ndugu yule, mpaka kwenye mabango.

Tukaendelea kupita. Wanawake hawakuimba tena. Walikuwa wakitusikia wanaingia ndani. Mama yangu tu ndiye aliyekuwa anasimama mlangoni, ananipungia mkono kama kawaida, kwa kuwa mimi ni mwanawe na nipo kazini. Ningependa angenitukana. Robhi alikuwa naye, mama akimtegemea kwa kila kitu, maana mimi nilikuwa mjini. Siku za mapumziko niliwapelekea maji kwenye dumu, begani, kadiri nilivyoweza kupanda nayo, na dumu moja kwa nyumba yenye watoto wa kaka yangu lilikuwa la siku moja.

Robhi alianza kushuka Mto Mara na wenzake. Ni mwendo mrefu, kushuka mapema, kurudi jua kali. Walijua kuna mamba. Walikuwa wakitupa mawe kwanza, mmoja anachota, wengine wanapiga kelele na kutazama. Siku ile mto ulikuwa umepungua sana, kina kimebaki kwenye madimbwi tu, na mamba nao walikuwa wamesongamana humo. Wenzake walisema hawakuona hata kitu kikiinuka. Waliona maji yamefunguka, kisha yamefunga. Walirudi na debe lake na kitambaa chake cha kichwa.

Habari ilinikuta kazini, nikiwa napunguza majani ya mafunjo. Nilishusha mkasi, nikafunika sanduku kwa wavu kwanza, ndipo nikaondoka. Mikono huwa ina akili zake siku kama hiyo.

Ndugu Elias alikuja msibani. Alinipa pole, akampa mama pole, akakaa chini na wanaume kama desturi. Nilimwona anatazama kule bondeni, kwenye mfereji.

Mgeni wa mkoani akaja hata hivyo. Ili nyumba ijae, malori yalipelekwa vijijini kuleta watu na ngoma. Malori yale nayo yalipata petroli. Kijiji chetu kikaletwa, na mama yangu, msiba bado mbichi, akapandishwa na wenzake kwa kuwa balozi wa nyumba kumi alipita nyumba kwa nyumba.

Sanduku siku ile lilikuwa zuri, na siwezi kulisema vibaya. Niliosha kioo kwa magadi na majivu, nje tu, maana ndani hupitishi kitu chenye chumvi wala sabuni. Mafunjo yalikuwa yamesimama, yungiyungi limefungua ua moja, ndago zimeshika ukingo, chura amekaa juu ya jiwe kama mwenyekiti. Matone yanadondoka. Mgeni rasmi akasimama mbele yake na watu wake, na Ndugu Elias akaeleza kwamba hapa mnaona kinamasi kamili, kila kiumbe kipo mahali pake kama kilivyo porini.

Watu wakasogea kando. Mama alikuwa anapita katikati yao. Alikuwa hajawahi kuingia nyumba ile. Akaja mpaka kwenye kioo, akaweka viganja vyake viwili juu yake, akainamisha uso karibu kabisa, pumzi yake ikatia ukungu. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akasema kwa Kikurya, hakupaza sauti.

Mgeni akatabasamu. "Mama anasemaje?"

Wengi mle ndani walielewa alichosema, na wote walitazama sakafu. Ndugu Elias akanigeukia. Aliniomba kwa macho, niliona wazi kabisa, lakini mdomo ulisema kama ulivyopaswa: "Bhoke, mtafsirie mgeni."

Nikatafsiri. Sikuongeza wala sikupunguza.

"Anasema hapa ni kwake. Yale majani nyuma ya jiwe yalikuwa kwenye kisima chake. Anasema watu walitolewa kwenye maji wakapelekwa kwenye mawe, na majani yakaletwa huku kwenye maji. Anasema alikuwa na binti aliyeyachimba majani haya kwa mikono yake, amekwenda mtoni kutafuta maji, hajarudi. Anauliza, tugeuke majani ndipo mtuletee maji?"

Matone yalisikika. Mgeni alisafisha koo. "Tumemsikia mama," akasema. "Ana uchungu wa mzazi. Haya ni matatizo ya mpito, ndugu zangu, na serikali yenu inayafahamu. Tumpigie makofi mama yetu kwa ujasiri wake."

Wakapiga makofi. Ngoma ikaanza nje. Mama akaondoa mikono kwenye kioo, akanishika bega.

"Wanashangilia nini?" akaniuliza.

Nilikuwa nimetafsiri yote siku ile, lile sikuliweza.

Nilingoja kufukuzwa. Wiki ikapita, nikaitwa ofisini. Ndugu Elias alisoma maagizo akiwa amesimama dirishani, mgongo kwangu. Yalikuwa mafupi. Gari la maji lisipite tena Busawe. Lizunguke kwa barabara ya chini, ili kuepusha usumbufu.

Barabara ya chini ilikuwa ndefu karibu mara mbili. Petroli ikapatikana. Hata pipa moja likaongezwa, kwa kuwa njia mpya ilikuwa na mashimo na maji yalimwagika mengi.

Mtaniuliza mbona sikuacha kazi. Vijana wa hoteli wasingeuliza, lakini ninyi mnaosoma najua mnauliza. Tulikuwa tunakula kwa mshahara ule, mama, mimi, na watoto wa kaka yangu. Nilibaki. Sanduku nililitunza vizuri, sikulihujumu hata kidogo. Samaki hawakuwa na kosa lolote, na chura hajui ametoka kwa nani. Nilipunguza mafunjo kila yalipogusa wavu, maana yakiachwa yanawanyima wengine mwanga. Niliondoa majani yaliyooza kabla hayajazama. Nilibadilisha maji kidogo kidogo, kamwe si yote kwa mara moja, kwa kuwa maji mapya mengi huwashtua. Watoto wa shule waliniita mama wa vyura, nami niliwaeleza kila kitu isipokuwa majani yalikotoka. Kicheko ndicho sikukirudisha. Ndugu Elias alijaribu mara kadhaa kunikumbusha karani na samadi, nami nikawa najibu, "Ndiyo, Ndugu."

Mvua ilirudi, kama inavyorudi. Ndugu Elias alihamishwa, akaagana na sanduku kabla hajaagana nasi. Mama alifia kule juu kwenye mawe, akiwa ameacha kulitaja bonde. Baadaye amri zikalegea, watu wakaanza kuteremka mmoja mmoja kurudi mashamba yao ya zamani, na nyumba ya maonyesho ikageuzwa ghala la mbolea. Niliambiwa niliondoe sanduku kabla magunia hayajafika. Vyura na kaa niliwaachia mtoni. Mafunjo niliyatoa na tope lake, bila kuosha mizizi, nikayabeba kwa beseni mpaka Gesarya, nikayapanda pale kisima kilipokuwa. Lakini mfereji ulikuwa umekwisha kulikata bonde. Mvua ikinyesha maji yalipita mbio, hayakai. Niliyamwagilia kwa ndoo kila nilipoweza kufika. Kiangazi kilipoingia yakakauka kuanzia ncha, kisha mbuzi wakamalizia.

Miaka mingi baadaye nilikuwa stendi ya Tarime nangoja basi, nikasikia naitwa. Alikuwa Ndugu Elias, sasa mzee, na mkongojo, amekuja kumzuru binti yake aliyeolewa upande wa Sirari. Alifurahi mno kuniona. Alinishika mikono yote miwili. Hakuniuliza habari za nyumbani, nadhani aliogopa, au labda alikuwa amesahau. Aliuliza haraka haraka, kama mtu aliyelibeba swali kwa muda mrefu.

"Bhoke, yale mafunjo yetu. Yaliishia wapi yale?"

"Niliyarudisha Gesarya," nikamwambia. "Yakafa. Maji hayakuwepo."

Uso wake ulibadilika kabisa. Akatikisa kichwa, macho yakamlengalenga.

"Pole, Bhoke," akasema. "Pole sana. Hata mimi inaniuma."

Nikamjibu, "Nimeshapoa." Basi langu lilikuwa limewasha injini. Pole ya msiba alinipa zamani, kama watu wote walivyonipa. Pole ya maji sikuipata kwake mpaka siku ile, na alikuwa anayapa mafunjo.